Nilijaza kwamba nimemgeuza bibi, na sikumgeuza

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wa tano tangu tuhamie Marekani, katika jimbo moja la kaskazini ambalo naomba nisilitaje. Nilianza kwa kubeba maboksi kama wengi wetu, kisha nikasomea kazi ya usaidizi wa muuguzi, nikafanya mtihani wa jimbo, na jina langu likaingizwa katika daftari la wasaidizi walioidhinishwa. Tangu hapo ninafanya kazi katika makao ya kutunzia wazee. Siioni kazi hii kuwa ya aibu, ingawa najua nyumbani wapo wanaoisema kwa kicheko.

Zamu yangu ni ya usiku, kuanzia saa tano hadi saa moja asubuhi. Upande wetu una wakaazi 46, na sisi wasaidizi huwa wawili, pamoja na muuguzi mmoja anayegawa dawa na kusimamia zamu. Kati ya wazee 23 ninaohesabiwa mimi, 11 hawawezi kujigeuza kitandani, na mpango wa matunzo wa kila mmoja wao unasema wageuzwe kila baada ya saa mbili. Kila ninapomgeuza mtu ninatakiwa kugusa kisanduku kwenye kishikwambi kilichowekwa ukutani, nacho huandika jina langu na saa.

Miongoni mwao yuko bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule. Nilipoanza kazi alikuwa bado anazungumza vizuri, na kila nilipokosea Kiingereza alinisahihisha kwa upole, akanirudisha hadi niseme sawasawa. Baada ya kiharusi cha pili hazungumzi tena isipokuwa neno moja moja, na hawezi kujisogeza hata kidogo.

Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza theluji ilizuia magari, mwenzangu hakufika, nikabaki peke yangu na watu 46. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri msimamizi wangu aliniambia nijaze visanduku vyote, kwa sababu vilivyobaki wazi huonekana vyekundu kwa mkuu wa wauguzi asubuhi. Nikajaza. Nilijaza kwamba bibi amegeuzwa saa sita, saa nane na saa kumi, ilhali nilikuwa nimefika chumbani kwake mara moja tu. Usiku ule nilijisamehe. Lakini baadaye hata tulipokuwa wawili tuliendelea hivyo hivyo, tunafanya tunachoweza na kujaza kisichofanyika, mpaka ikawa ndiyo kawaida ya zamu.

Mwezi wa tatu bibi alionekana na kidonda juu kidogo ya makalio, kile ambacho kwetu huitwa kidonda cha kulalia. Muuguzi wa vidonda alisema kimefika hatua ya tatu. Wiki chache baadaye wakaguzi wa jimbo waliingia bila taarifa, watu wanne, wakakaa siku nne. Nilishangaa, Mshauri, jinsi watu walivyopatikana. Usiku tulikuwa wasaidizi wanne, mashuka mapya yalitolewa, kengele zilijibiwa kabla hazijalia mara ya pili. Alfajiri moja mkaguzi mmoja alinikuta koridoni akaniuliza yule bibi anageuzwa kila baada ya muda gani. Nikajibu, «Kila saa mbili.» Akaandika. Ripoti ilipobandikwa ilitaja joto la chakula na toroli la dawa lililoachwa bila kufungwa. Kidonda hakikuandikwa kuwa kosa. Wiki iliyofuata tulirudi kuwa wawili.

Sasa nieleze kinachonifunga mdomo. Msimamizi wangu wa zamu ni dada wa kwetu. Nilipofika nchi hii alinipokea, nikakaa kwake miezi saba na watoto bila kulipa hata senti, akanilipia ada ya mafunzo, na ndiye aliyenitafutia kazi hii. Nilipomgusia jambo hili alilia. Aliniambia, «Mdogo wangu, ukipeleka maneno, nitakayefukuzwa ni mimi, wenye kampuni hawatajua hata jina langu.» Mume wangu anasema nisimlipe Dada fadhila za punda, tena ombi letu la makazi ya kudumu bado linashughulikiwa na hatutaki jina letu lionekane popote penye kesi. Mama yangu Moshi anategemea dawa ninazomnunulia kila mwezi.

Jumapili iliyopita binti wa yule bibi alinisubiri mpaka nilipoingia kazini, akanishika mkono, akaniuliza, «Niambie ukweli, mama yangu anageuzwa usiku?» Nikamwambia nitamuuliza muuguzi. Tangu siku ile sijalala vizuri. Nifanye nini?

Saini Inayonisuta


JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikapiga hesabu moja ambayo nadhani hujawahi kuipiga, au umeipiga ukaogopa jibu lake. Wazee 11, kila mmoja kumgeuza, kumbadilisha pampasi, kumwekea mto chini ya visigino na kunawa mikono, tuseme dakika 12, na hapo nimekuhesabia haraka. Hizo ni dakika 132 ndani ya saa mbili zenye dakika 120, kabla kengele haijalia hata mara moja na kabla yeyote kati ya wale wengine 12 hajataka kwenda msalani. Kazi uliyopewa haiingii ndani ya usiku. Sisemi hivi ili kukufutia kosa la kujaza kisichofanyika, kwa maana wewe mwenyewe hujaomba kufutiwa, bali kwa sababu barua yako yote inazungumza kana kwamba waliomkosea bibi ni watu wawili, wewe na Dada, na hesabu inaonyesha kwamba yupo wa tatu, yule aliyepanga watu wawili kwa vitanda 46, ambaye huenda hajawahi kuingia jengo hilo usiku.

Kama nimekuelewa, unaniuliza maswali matatu yaliyosukwa pamoja: la kwanza ni la bibi na kidonda chake, la pili ni la maneno uliyoyaandika na kumwambia mkaguzi, na la tatu ni la deni lako kwa Dada. Umeyasuka hata inaonekana huwezi kugusa moja bila kubomoa mengine. Nami nitajaribu kuyafumua, bila kukuamulia, kwa sababu atakayeishi na uamuzi huo ni wewe na watoto wako.

Nianze na jambo ambalo naona umeliamini upesi, yaani kwamba wakaguzi walidanganywa na basi mlango umefungwa. Sheria inayoongoza makao yanayopokea fedha za Medicare na Medicaid, yaani mipango ya serikali ya kulipia matibabu ya wazee na ya watu wa kipato kidogo, ilipitishwa mwaka 1987, baada ya ripoti nzito ya kitaalamu ya mwaka uliotangulia kueleza jinsi wazee walivyokuwa wakifungwa vitandani na kulevywa dawa ili watulie. Sheria hiyo inataka kila makao yakaguliwe bila taarifa, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine isipite zaidi ya miezi 15. Udhaifu uko hapo hapo, kwani miezi inapofika kumi na kitu kila meneja hujua kwamba wageni wako njiani, na wakishaingia wanabaki siku kadhaa ambazo mtu anaweza kuziigiza. Ndiyo maana uliona mashuka mapya. Lakini huo ni ukaguzi wa kawaida tu. Malalamiko hufunguliwa faili lake na yanaweza kuwaleta wakaguzi wakati wowote wa mwaka, wakijua tayari chumba gani waingie na usiku gani wauangalie. Tena tangu mwaka 2016 makao haya hutakiwa kupeleka kwa serikali ya shirikisho hesabu ya saa za wafanyakazi za kila siku, zikitokana na orodha ya mishahara, hivyo siku nne za wasaidizi wanne hazifuti miezi ya wasaidizi wawili. Umeona ukaguzi ukishindwa mara moja, na umeshindwa kwa sehemu kwa sababu ulikuegemea wewe. Mkaguzi hawezi kukesha kila usiku kando ya kitanda cha bibi, kwa hiyo husoma kishikwambi na kumuuliza aliyekuwepo, na siku ile vyote viwili vilimpa jibu moja.

Jambo la pili ni kidonda chenyewe. Kanuni hazisemi kwamba kila kidonda cha kulalia ni uzembe. Zinakubali kwamba hali ya mgonjwa inaweza kumfikisha hapo hata akitunzwa vizuri, na mtu aliyepigwa na viharusi viwili, mwenye lishe duni na ngozi iliyochoka, yumo hatarini daima. Hivyo sijui, na wewe hujui, kama kugeuzwa kila saa mbili kungemwokoa. Hata hivyo daktari na muuguzi wa vidonda wanapanga tiba yake wakiamini kwamba usiku anageuzwa. Wakiona hakiponi watatafuta sababu kwingine, katika damu, katika chakula, katika godoro, na hatua ya nne, ambapo kidonda hufikia misuli au mfupa, haiko mbali na hiyo ya tatu. Katika yote uliyoniandikia, hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kuliko hata ukaguzi wenyewe.

Tuje kwenye usalama wako. Mumeo anaona kwamba kunyamaza ni kujificha. Namwelewa, lakini namuuliza: ukifika wakati ambapo bibi amelazwa hospitali na binti yake ameshika mwanasheria, ni karatasi gani itakayofunguliwa kwanza? Ni orodha ya kugeuzwa, na jina lililo juu yake ni lako, si la mwenye kampuni wala si la Dada. Wakati huo kampuni inaweza kusema kwamba mpango wa matunzo ulikuwa sahihi, mafunzo yalitolewa, na msaidizi mmoja ndiye aliyeghushi. Na msaidizi aliyethibitishwa na jimbo kuwa alimtelekeza mkaazi huandikwa hivyo katika daftari lile lile ulilolitolea jasho kuingia, na makao mengine hayaruhusiwi kumwajiri. Sikutishi. Ninataka tu muiweke hatari hiyo mezani kando ya zile mlizozihesabu, kwa sababu naona mmehesabu hatari za kusema peke yake.

Hatari za kusema nazo zipo, na sitazipunguza. Sheria inakataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi aliyetoa taarifa, lakini sheria haizuii meneja kukupunguzia zamu na kuita jambo hilo ratiba. Unaweza kupeleka lalamiko kwa idara ya jimbo bila kutaja jina, ila penye wasaidizi wawili wa usiku kubahatisha ni nani aliyesema si kazi ngumu. Kuhusu ombi lenu la makazi, mfanyakazi anayetoa taarifa ya kweli hafanyi kosa la uhamiaji. Swali gumu zaidi ni zile kumbukumbu ulizojaza, na hilo ni la kumpelekea mwanasheria, ikiwezekana anayejua uhamiaji na sheria za kazi, kabla hujaandika lolote kwa yeyote. Mwulize pia juu ya sheria ya shirikisho ya mwaka 2010 inayomtaka mfanyakazi wa makao haya, akiwa na shaka ya msingi kwamba uhalifu umetendwa dhidi ya mkaazi, atoe taarifa kwa jimbo na kwa polisi, ndani ya saa 2 ikiwa mtu ameumizwa vibaya na ndani ya saa 24 ikiwa hakuumizwa hivyo. Majimbo mengi yana sheria zao juu ya hiyo. Kama jambo lenu linaingia humo au haliingii, mimi si mtu wa kukuambia, lakini huwezi kupima kunyamaza bila kulijua hilo.

Tena nakuomba sana: usirudi nyuma kwenye kishikwambi kurekebisha usiku uliopita kwa akili yako mwenyewe, usipige picha ya kidonda kwa simu, wala usibebe nakala za kumbukumbu za mgonjwa nyumbani. Watu wenye nia njema wameingia matatani kwa hayo. Unachoweza kuwa nacho ni kijitabu chako cha tarehe na idadi ya wafanyakazi, bila jina la mkaazi yeyote.

Umeniandikia kana kwamba njia ni mbili, kwenda kwa serikali au kufa na siri. Katikati pana nafasi. Upo mkuu wa wauguzi, ambaye unaweza kumwandikia ujumbe mfupi unaosema tu kwamba watu wawili hawawezi kukamilisha mipango ya matunzo ya usiku, ukataja hesabu. Ujumbe wa namna hiyo hauwasingizii watu, na ukishaandikwa hakuna atakayesema hakuambiwa. Hatari yake ni kwamba utaonekana msumbufu, na pengine utajibiwa kwamba kanuni haisemi idadi. Ni kweli kwa sehemu: mwaka 2024 serikali ya shirikisho ilitangaza kiwango cha chini cha saa 3.48 za matunzo kwa kila mkaazi kwa siku, na Aprili 2025 mahakama moja ya shirikisho Texas ikakitengua. Lakini sharti la zamani la kuwa na wafanyakazi wa kutosha kukidhi mahitaji ya wakaazi halikutenguliwa, na majimbo mengine yana viwango vyao.

Yupo pia mtetezi wa wakaazi, anayejulikana huko kama ombudsmani, ambaye kila jimbo linatakiwa kuwa naye. Huyu si mkaguzi na hatozi faini. Kazi yake ni kumsikiliza mkaazi na familia, kuingia makao, kusukuma mambo yarekebishwe, na hatakiwi kumtaja aliyemletea habari bila ridhaa yake. Udhaifu wake ni kwamba hana mamlaka ya kulazimisha. Kwa mtu aliye katika hali yako, ningekuwa mimi, ningependa angalau kusikia sauti yake kwenye simu kabla ya kuamua kwamba hakuna wa kuongea naye.

Na yule binti. Nimelifikiria swali lake kuliko yote, kwa sababu alikushika mkono. Hukulazimika kumjibu pale koridoni, na sidhani kwamba kumwagia kila kitu kungekuwa hekima. Hata hivyo kati ya kumwagia kila kitu na kumwambia utamuuliza muuguzi kuna maneno ya kweli ambayo kila mfanyakazi anaruhusiwa kuyasema: kwamba ana haki ya kuomba kikao cha mpango wa matunzo ya mama yake, kuuliza katika kikao hicho ni wafanyakazi wangapi wanakuwepo usiku, kuisoma ripoti ya ukaguzi ambayo makao yanalazimika kuiweka mahali inapoonekana, na kumpigia mtetezi wa wakaazi, ambaye namba yake inapaswa kuwa imebandikwa ukutani. Ukimwambia hayo hutakuwa umemsaliti Dada. Ila usijidanganye kwamba hayo peke yake yanakutoa kwenye deni, kwa maana binti ataenda kwenye kikao na kuonyeshwa orodha yenye visanduku vilivyojazwa vyote, na orodha hiyo itamjibu kwa jina lako.

Sasa Dada. Nimeona kwamba hukumwita mwovu hata mara moja, na hilo limenigusa. Miezi saba ya kulala kwa mtu na watoto si jambo dogo, na anayesema usahau fadhila hajawahi kufika ugenini na sanduku moja. Lakini nikuulize kwa upole: alipokupokea, alikuwa akikupa kitu cha kulipa kwa kunyamaza? Au ni woga wake wa sasa ndio unaolipa deni hilo bei mpya? Machozi yake nayasoma kama ya mtu aliyebanwa kuliko wewe, kwa sababu yeye ana leseni ya uuguzi ya kupoteza, na aliyekuamuru kujaza ni yeye. Ukimwendea na maneno ya «nitakushtaki», atajilinda. Ukimwendea na ile hesabu ya dakika 132, ukamwambia kwamba hutaki yeye ndiye abebe mzigo wa mwenye kampuni, pengine atasikia jambo jingine. Inawezekana mkaandika ule ujumbe kwa mkuu wa wauguzi pamoja, naye kama muuguzi neno lake lina uzito kuliko lako. Inawezekana pia akakataa, na akaenda kusema kabla yako. Hiyo ni hatari halisi, na ndiyo sababu nilimtaja mwanasheria kwanza.

Umesema kwa mkato kwamba mama yako yuko Moshi, na sitaki kulipita hilo. Sijui ni nani anayemgeuza yeye, akifika mahali pa kugeuzwa. Nadhani sehemu ya usingizi wako imekwama hapo, na si vibaya kulizungumza na mumeo kama jambo lenyewe, badala ya kulificha ndani ya bei ya dawa.

Kuripoti au kutoripoti, lini, na kupitia mlango upi, hayo nakuachia, na ukiyachelewesha wiki moja ili umwone mwanasheria sitakuona mwoga. Lipo swali moja tu ambalo haliwezi kusubiri wiki, kwa sababu litakujia leo saa kumi na moja alfajiri utakaposimama mbele ya kishikwambi na kukuta visanduku viko wazi: utajaza nini? Kisanduku chekundu kitakuletea maswali asubuhi. Jaribu kufikiria mapema, ukiwa bado nyumbani na umekula, utayajibuje, na kama Dada atakuwa amesimama kando yako utamwambia nini. Halafu, ukipata nafasi, niandikie tena unieleze bibi anaendeleaje.